Makasha Saba

Hati inasema saba.
Nimehesabu kwa kidole, nimehesabu kwa chaki,
nimemwita Ndahani mlinzi ahesabu kwa macho yake mazima:
manne.

Dereva kaegemea mlango wa gari, anachokonoa meno.
"Saini tu, sista. Mengine yako njiani."

Njia naijua.
Inatoka Dodoma mjini, inapita mashamba ya zabibu,
inaambaa na reli hadi majaruba ya Bahi,
kisha inatuachia vumbi letu wenyewe.
Haina kona ya kupotelea makasha matatu.
Ina duka jipya la dawa, la shemeji wa mtu.

Kalamu ninayo. Ni ya semina.
Ubavuni ina maandishi ya dhahabu: KIONGOZI HUACHA ALAMA.
Tuligawiwa mwezi wa sita, kwenye hoteli yenye mazulia,
mafunzo ya siku mbili, posho ya siku tano.
Bwana Masima, mratibu, alichora ngazi ubaoni
akauliza kiongozi husimama kidato cha ngapi.
Tukajibu. Tukapiga makofi. Tukala kuku.
Jioni ikazunguka karatasi ya mahudhurio
yenye Jumatano, Alhamisi na Ijumaa
ambazo hata hazijakucha,
na mimi, Nyemo Chigwile, nikazisaini zote tatu
kwa mwandiko mzuri, ule niliosifiwa shuleni.

Siku hizo tatu sasa ziko juu ya nyumba yangu.
Bati, geji thelathini.
Mvua ikinyesha, na kwetu hainyeshi mara nyingi,
nazisikia zikijitaja moja moja.

Kwa hiyo usidhani, dereva,
nakuhukumu kutoka mbinguni.

Ila mwezi wa nane Mbeleje aliletwa kwa mkokoteni wa punda,
amekwisha kujifungua njiani, damu haikatiki.
Nikafungua kabati la sindano.
Leja ilisema vichupa sitini.
Leja ilikuwa na saini yangu.
Nikasoma sitini, nikashika hewa.
Gari la wagonjwa lilikuwepo, king'ora kizima, taa nzima;
mafuta yake yalikuwa kwenye ripoti.

Mtoto yupo. Bibi yake anamlea kwa uji wa uwele.
Wakimleta kliniki nampima mimi,
na mizani, tofauti na sisi, haijapewa posho:
kilo nne na robo, miezi mitatu.

Nikaandika: Yamepokelewa manne. Matatu hayakuonekana.

Dereva akacheka, akapiga simu, akaweka sauti ya nje.
"Nyemo," akasema Bwana Masima, mpole kama maziwa,
"wewe tulikuona una sifa za uongozi."
Akauliza habari za nyumba. Akauliza paa.
Akazitaja na zile siku tatu, taratibu,
kama mtu anayekukumbusha kumeza dozi.

Nikamwambia nazikumbuka, mzee.
Nikageuza hati,
na mgongoni mwake nikaandika na hizo:
tarehe, kiasi, jina langu kamili,
sikuhudhuria, nitarudisha kidogo kidogo.
Mkono ulitetemeka hata mwandiko ukawa wa mtu mwingine.
Kalamu ya dhahabu ikakauka kwenye "kidogo" ya pili.
Nikamalizia kwa risasi.

Simu ilikuwa bado hewani. Hakuna aliyesema kitu.

Ndahani hakusoma, lakini kuhesabu anajua.
Aliomba kidau cha wino, akapiga dole gumba
chini ya neno manne,
akalifuta kwenye suruali,
akatazama kivuli cha ukuta kinavyosogea.

"Tuyaingize ndani haya," akasema.
"Jua likiyapata, hata haya manne hatuna."